Feni ya hita imenyamaza na kila fundi ana lake

Salamu, fundi.

Nina lori la Kijapani la tani saba, la mwaka 1996, betri mbili, umeme wa volti 24. Kazi yake ni viazi. Napakia Njabini jioni na kuondoka saa nane usiku ili nishushe soko la Wakulima, Nairobi, mapema. Kuanzia Flyover hadi Limuru baridi ya Julai inaingia mpaka kwenye mifupa, na pumzi zetu watu watatu zinaziba kioo cha mbele. Bila hita sioni barabara.

Miezi mitatu iliyopita feni ya hita iliacha kufanya kazi kwenye namba moja, mbili na tatu. Namba nne ikabaki inavuma kama kawaida, nami nikaridhika nayo. Baadaye ikaanza kulia kama panya, hasa wakati wa kuiwasha. Mwezi uliopita ikanyamaza. Nikilipiga boksi lake ngumi huamka dakika chache, kisha hulala tena. Fyuzi ya ampea 15 imeungua mara mbili, na fundi mmoja wa waya akaizungushia uzi wa shaba ili isinisumbue. Kweli haijaungua tena, lakini kuna harufu ya plastiki chini ya dashibodi.

Fundi huyo sasa anasema mota imekufa, ninunue seti nzima pamoja na rezista, kile kifaa cha kupunguza kasi ya feni. Mwingine wa Kirinyaga Road anasema ni rezista tu. Tanboi wangu naye anasema tubebe jiko dogo la makaa ndani ya kebini mpaka pesa ipatikane. Na hata feni ilipokuwa nzima, hewa yake ilikuwa vuguvugu tu. Nianzie wapi?

Dereva wa viazi, Kangemi

Ndugu dereva,

Kabla hujashika bisibisi kuna mambo mawili yasiyongoja hata safari moja.

Jiko lisiingie kwenye kebini. Makaa yakiwaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kebini ya lori iliyofungwa vioo ni ndogo kuliko chumba chochote cha kulala. Anayeivuta hahisi kukabwa koo. Anahisi kichwa kizito na usingizi, na nyinyi saa nane usiku usingizi mnao tayari. Kuteremsha kioo kidogo hakuifanyi iwe salama. Tanboi wako ana nia njema, mweleze kwa upole, lakini jiko libaki nyumbani.

La pili ni ule uzi wa shaba. Fyuzi haikuwekwa pale kuilinda mota, imewekwa kulinda waya unaokwenda kwa mota. Ukiizungushia shaba, kitakachoungua umeme ukizidi ni waya wenyewe, ndani ya dashibodi, karibu na miguu yako. Harufu unayoisikia ni dalili kwamba kazi hiyo imeshaanza. Utoe leo. Angalia kifuniko cha boksi la fyuzi, na kama kimeandikwa 15 weka ya 15, ile ya buluu. Ya 20 ni njano na ya 30 ni kijani. Mtu akikushawishi uweke kijani, kataa. Ikiwa fyuzi hiyo ni ya hita peke yake na huna nafasi ya kutengeneza wiki hii, acha tundu lake wazi.

Wakati huo huo kioo usikiache kizibe. Safisha upande wake wa ndani mpaka mafuta na vumbi viishe, kwa maana kioo kichafu hushika ukungu haraka zaidi. Elekeza hewa ya hita kwenye kioo, weka wenzo wake upande wa hewa ya nje, usiuache kwenye kuzungusha hewa ya ndani, na teremsha vioo vya milango upana wa kidole. Lori likienda, hewa kidogo husukumwa ndani hata feni ikiwa imelala. Hautakuwa upepo wa kutosha, lakini utapunguza ukungu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Mafundi wako wawili kila mmoja ameshika upande mmoja wa ukweli, na barua yako inaonyesha jinsi pande hizo zinavyoungana: namba ndogo zilikufa kwanza, kelele ikafuata, kisha kimya na fyuzi. Ninavyoisoma, mota ilianza kuwa nzito zamani, ikaiunguza rezista, halafu ikaanza kuiunguza fyuzi. Ukinunua rezista peke yake itaungua tena. Ukinunua seti bila kupima, huenda unalipia mota ambayo ingepona kwa matone matatu ya mafuta na kaboni mpya, vile vijiwe vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka.

Tazama kwa nini rezista hutangulia. Namba moja, mbili na tatu hupitisha umeme kwenye rezista ili mota iende polepole. Namba nne huiruka kabisa, ndiyo maana inaendelea kuvuma rezista ikishakatika. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kwenye namba moja rezista ina omu 6 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyoupinga umeme), na mota ikizunguka vizuri inavuta ampea 2. Joto la rezista ni 2 × 2 × 6, yaani wati 24, na upepo wa feni unaipoza, kwa sababu imefungwa makusudi ndani ya njia ya hewa. Sasa mota ikwame. Mota iliyosimama haiupingi umeme isipokuwa kwa nyaya zake za ndani, tuseme omu 1. Volti 24 ukigawa kwa omu 7 unapata ampea 3.4. Joto sasa ni 3.4 × 3.4 × 6, karibu wati 70. Limefika mara tatu, na upepo wa kupoza hakuna. Fyuzi ya 15 haina habari, ampea 3.4 kwake si kitu. Rezista inaungua kimyakimya. Mota hiyo hiyo ikikwama kwenye namba nne, volti 24 kwa omu 1 ni ampea 24, na hapo fyuzi inakatika. Ndivyo ilivyokwenda kwako, hatua kwa hatua.

Utahitaji mita ya kupimia umeme, bisibisi, spana namba 10, tochi, na kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 15 katikati. Boksi la feni kwa kawaida liko chini ya dashibodi upande wa tanboi, na mota imefungwa chini yake kwa skrubu tatu hivi.

Anza na plagi ya mota kabla hujaichomoa. Itazame kwa tochi. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka karibu na pini moja inakuonyesha mguso uliolegea, na ndiyo pengine inayonuka. Pini ya namna hiyo haisafishwi. Kata waya nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa, kisha funga pini mpya kwa koleo lake. Kusokota nyaya na kuzifunika na tepu kutakurudisha hapo hapo kabla mwaka haujaisha.

Kisha pima volti, plagi ikiwa imechomekwa, ncha za mita zikiingia kwa nyuma yake. Fungua ufunguo bila kupiga stata, weka feni namba nne. Betri zilizojaa zitakupa kama volti 25. Kati ya nyaya mbili za mota usomaji usipungue zaidi ya volti moja chini ya ule wa betri. Ukiupata huo na mota imenyamaza, ugonjwa uko ndani ya mota, na kwa kuwa yako huamka kwa ngumi, ninashuku kaboni zimeisha au zimekwama kwenye nyumba zake.

Ukipata 18 au 19 na feni inajikokota, volti zinapotea njiani. Pima kutoka chanya ya betri hadi chanya ya mota, halafu kutoka hasi ya mota hadi hasi ya betri, feni ikiwa imewashwa. Kila upande usizidi nusu volti. Upande wa hasi ndio husahaulika. Kebini ya lori lako imekaa juu ya mipira na inainuliwa mbele, kwa hiyo umeme wake hurudi kwenye chesisi kwa mkanda wa shaba. Mkanda huo huoza na kukatika uzi mmoja mmoja kila kebini inapoinuliwa. Usafishe ncha zote mbili mpaka chuma kionekane, au uubadilishe.

Ukipata sufuri, weka ncha nyeusi kwenye bodi na nyekundu kwenye waya wa chanya wa mota. Katika malori mengi ya Kijapani ya miaka hiyo chanya hufika kwenye mota kupitia fyuzi na rilei (swichi inayojifunga kwa umeme), na swichi ya dashibodi hukata upande wa hasi. Hapa mafundi wengi hujichanganya: taa ya kupimia inawaka kwenye nyaya zote mbili hata feni ikiwa imezimwa, nao wanadhani kuna shoti. Hakuna shoti, umeme umepita ndani ya mota na unangoja kufunguliwa mlango wa kurudi. Basi ikiwa chanya ipo, chukua ule waya wenye fyuzi, unganisha hasi ya mota na bodi. Feni ikivuma, mota ni nzima na kosa liko kwenye swichi au nyaya zake. Ikiwa chanya haipo, rudi kwenye rilei na fyuzi. Katika baadhi ya malori rilei haijifungi mpaka feni iwashwe, kwa hiyo usipime huku swichi iko sufuri.

Sasa chomoa plagi na uitoe mota. Lori la viazi hubeba vumbi lake ndani ya kebini, na ndani ya boksi tarajia udongo, majani makavu, hata kiota cha panya. Safisha gurudumu la feni, lile lenye mapanga mengi membamba, kwa brashi laini. Udongo ulioganda upande mmoja hulifanya liyumbe, na kuyumba ndiko kunakokula bushi, zile pete zinazoushika mhimili. Lizungushe kwa kidole. Mota nzima huendelea kuzunguka yenyewe mizunguko kadhaa baada ya kuiachia. Ikisimama papo hapo, au ukihisi mhimili unacheza kushoto na kulia, umeshika chanzo cha ile sauti ya panya.

Bushi za mota hizi ni za shaba nyeusi yenye vitundu vidogo vinavyohifadhi mafuta. Zikikauka hulia, kisha hukaza, hasa kwenye baridi. Weka matone mawili au matatu ya mafuta mepesi ya mashine kila upande, uizungushe, upanguse yanayozidi. Usiweke grisi, haiingii kwenye vitundu hivyo. Usipulize dawa ya kulegeza kutu, hukauka na kuondoka na mafuta yaliyokuwa yamebaki. Na usizidishe, mafuta yakifika kwenye kaboni yataleta tope jeusi. Ikiwa mhimili unacheza waziwazi, mafuta hayatasaidia, bushi zimeliwa.

Kama kifuniko cha mota kimeshikwa kwa vishikio vya bati, vinyooshe polepole. Vingi huvumilia mara moja tu. Ndani utaona kaboni mbili zinazogusa komuteta, ile duara ya shaba iliyokatwa vipande. Kaboni fupi kuliko milimita 5 imeisha, springi haiwezi tena kuisukuma. Ile yenye urefu lakini imekwama kwenye nyumba yake kwa vumbi, isafishe tu mpaka iteleze. Komuteta isugue kwa msasa laini wa karatasi, namba 600, ukiizungusha, kisha utoe uchafu ulio katikati ya vipande kwa kijiti chembamba. Msasa mweusi wa chuma uuache, chembe zake zinaweza kupitisha umeme na kubaki kwenye mifereji hiyo.

Kuhusu kaboni mpya nina ombi moja. Ukipeleka mota kwa wanaosuka mota, mwambie asichonge kaboni ya stata ili itoshe. Ya stata ina shaba nyingi kwa sababu hubeba mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Kwenye mota ndogo inayozunguka saa nzima hula komuteta, na hapo mota inakufa kweli. Omba ya mota ya hita au ya wipa yenye kipimo kile kile.

Rezista iko kwenye boksi hilo hilo, skrubu mbili, plagi ya pini tatu au nne. Weka mita kwenye omu, gusisha ncha zake zenyewe kwanza uone zinasoma ngapi, na hiyo uitoe kwenye kila kipimo. Kati ya pini utapata omu chache tu. Pini isiyosoma chochote ina koili iliyokatika au fyuzi ya joto iliyoungua. Tafadhali usiunganishe fyuzi hiyo ya joto kwa waya. Ndiyo inayozuia boksi la plastiki kushika moto mota ikikwama tena.

Ukienda kununua, iwe mpya au ya kutolewa kwenye lori jingine, chukua ya zamani mkononi na usome maandishi: 24V. Sokoni zipo za volti 12 zenye plagi ile ile na matundu yale yale ya skrubu. Mota ya 12 kwenye lori la 24 itavuma kwa nguvu ya ajabu na utafikiri umepata bahati, kisha itaungua. Omba pia uijaribu kwenye betri mbili hapo hapo dukani kabla hujatoa pesa, ukiwa umelishika gurudumu mbali na nguo.

Baada ya kufunga kila kitu, pima ampea, na usiache hatua hii. Hakikisha kwanza kwa kidole kwamba mota inazunguka bila kukaza. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, chomoa fyuzi, na weka ncha mbili kwenye nafasi yake. Soma feni ikiwa imezimwa, kisha namba nne, kwa sekunde chache tu. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayovutwa na mota. Linganisha na kibandiko chake: wati ukigawa kwa volti. Ya wati 80 kwa volti 24 inapaswa kuwa kama ampea 3.3. Ukisoma 6, bado ni nzito au imefungwa vibaya na gurudumu linagusa boksi. Kipimo hiki kifanye mota ikiwa ndani ya boksi. Ikiwa nje gurudumu hilo husukuma hewa nyingi zaidi na kuvuta umeme zaidi, nawe utaitupa mota nzima bure.

Kuhusu ile hewa ya vuguvugu, huo ni ugonjwa wa maji, si wa umeme. Injini ikiwa imeshapata moto, gusa kwa uangalifu mipira miwili inayoingia kwenye hita. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, koki ya hita haifunguki au ndani kumeziba kutu. Yote miwili ikiwa vuguvugu, angalia maji ya redieta injini ikiwa baridi, kisha uulize kama thamostati ipo, ule mlango unaozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi huitoa lori likichemka mara moja na hawairudishi. Bila hiyo, injini inayotelemka kutoka Limuru alfajiri haipati moto kamwe, na hita haina cha kukupa. Rudisha yenye namba ile ile, nyingi za dizeli ni nyuzi 82, imechongwa kwenye chuma chake. Kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria jikoni. Hapa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo thamostati nzima itaanza kufunguka kabla maji hayajatokota.